KICHWA KILICHOPELEKWA GOA: SOMO LA KEJELI

Mwaka huu ukurasa wa fasihi umeniangukia mimi, na mwalimu wetu mlezi ametaka niandike juu ya kejeli. Hapa sizungumzii ile kejeli ya kwenye foleni ya githeri, ya kumcheka mwenzio kwa kuwa kiatu chake nacho kinacheka. Nazungumzia kejeli nzito: ya watu waliouliwa mfalme wao, wasio na upanga wa kumlipizia, wakabakiwa na ulimi peke yake. Watu kama hao husemaje? Humcheka nani? Na je, ulimi huo hauwezi kumkata mtu asiyehusika?

Swali hilo la mwisho sikulitoa kitabuni. Lilitutokea humu humu chamani muhula wa pili, na nusura chama kivunjike. Kwa hivyo naanza na hapo.

Wengi wenu mwakumbuka ile safari yetu ya Fort Jesus. Tulipanda basi la shule hapa Changamwe, tukavuka Makupa, na wenzetu wa Likoni na Kisauni wakatukuta mlangoni kwa sababu kwao ilikuwa karibu zaidi. Tulipokuwa tumekaa kivulini ndani ya ngome, Mwalimu akatusimulia kisa cha Sultani Hasan bin Ahmad. Nakieleza kwa ufupi kwa wale ambao siku hiyo walikuwa wakitafuta mihogo ya kukaanga.

Hasan alikuwa wa ukoo wa wafalme wa Malindi. Malindi na Mombasa, kama mjuavyo, zilikuwa haziivi chungu kimoja. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498, Mombasa haikumtaka, Malindi ikampokea kwa mikono miwili, na tangu hapo Malindi ikawa rafiki wa Mreno. Wareno walipoitwaa Mombasa na kuanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, walimpa mfalme wa Malindi, Ahmad, kiti cha Mombasa. Huyo ndiye babake Hasan. Basi Hasan alikuwa mtoto wa marafiki, mjukuu wa marafiki. Hakuwa adui.

Lakini alipotawala akakosana na kapteni wa ngome, Manuel de Melo Pereira. Akashutumiwa kwamba anataka kuasi. Hasan aliona hali si hali, akatoroka kisiwani, akaja huku kwetu bara, akaenda hadi upande wa Rabai. Kutoka shuleni kwetu si mbali: unapita Mikindani na Miritini mpaka Mazeras, halafu unakata kulia. Huko alikuwa miongoni mwa watu ambao Wareno waliwaita Musungulo. Kapteni akatoa malipo kwa baadhi yao, na mwaka 1614 Hasan akauawa. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Goa, Bara Hindi, alikokuwa mkubwa wa Wareno wote wa upande huu wa dunia. Sasa ebu fikiria, msomaji. Miaka 116 ya urafiki, halafu kichwa kinatiwa jahazini kama samaki wa chumvi!

Mwalimu alipomaliza akasema, "Haya, kila mtu anitungie ubeti mmoja wa kejeli. Nyinyi ni watu wa Hasan. Mmefiwa. Wachekeni waliomuua." Alhamisi iliyofuata tukakutana katika darasa la kidato cha pili, na mwenzetu mmoja, mshairi hodari hasa, akasoma ubeti huu:

Hasani alisikia, njama mjini zazuka,
Bara akakimbilia, akadhani kaokoka,
Wenyeji walimwambia, karibu umeshafika,
Kumbe wamempimia, bei wapate kucheka.

Tulipiga makofi mpaka madirisha yakatetema. Hesabu mwenyewe: mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vyote vimekaa. Lile neno "kupimia" ni zuri mno, kwa sababu lamleta muuza duka na ratili yake. Kitaalamu huwezi kumkosoa.

Makofi yalipoisha, kijana mmoja wa kidato cha pili aliyekaa nyuma akainua mkono. Kwao ni Rabai. Akasema polepole, "Mwalimu, hao wenyeji ndio babu zangu. Sisemi hawakuua. Lakini yule aliyetoa pesa, mbona hayumo kwenye shairi?"

Darasa likanyamaza. Halafu likaja zogo. Mmoja akasema, kwani si kweli walimuua? Mwingine akasema watu wa mjini ndio kawaida yao, kila ubaya ni wa watu wa bara. Wa tatu akasema maneno ambayo mhariri hataniruhusu niyachapishe. Kijana yule akachukua mkoba wake akatoka, na wiki mbili hakuonekana chamani.

Nimelifikiria jambo hilo sana. Ubeti ule hauna kosa la mizani, kosa lake ni la shabaha. Mshairi alisimama upande wa mfalme, akanoa ulimi wake, kisha akampiga aliye karibu. Waliomuua Hasan walikuwa na hatia, hilo halina ubishi. Lakini walikuwa wachache waliolipwa. Ubeti unasema "wenyeji", yaani wote, pamoja na waliompa mgeni maji na mkeka. Na kapteni, ambaye njama ni yake, fedha ni yake na faida ni yake, amekaa zake ngomeni hakuguswa hata na kituo cha nukta. Angekuwa hai angetununulia sote soda.

Hebu tutoke pwani kidogo tuone wenzetu walifanyaje. Miaka 35 baada ya Hasan, yaani tarehe 30 Januari 1649, Waingereza nao walimkata kichwa mfalme wao, Charles wa Kwanza, hadharani mjini London. Hati ya kumuua ilitiwa sahihi na watu 59. Mwenye shoka alivaa kifuniko usoni asitambulikane. Wafuasi wa mfalme walibaki na uchungu, na walioshika nchi wakawa ndio waliomwua. Mmoja wa waliokuwa upande wa mfalme, Samuel Butler, alitunga shairi refu liitwalo Hudibras. Sehemu yake ya kwanza hubeba mwaka 1663, wakati mwana wa mfalme, Charles wa Pili, ameshakaa kitini tangu 1660. Yaani alingoja mpaka mambo yawe salama. Simlaumu, kichwa ni kimoja.

La kujifunza kwa Butler ni hili. Hakumfuata mwenye shoka. Wala hakutunga maombolezo ya damu kutapakaa. Alimchukua shujaa mmoja wa kubuni, mtu wa dini kali mwenye kitambi na upanga wenye kutu, akampandisha farasi mkongwe, akampa na mtumishi wa dhehebu jingine. Wawili hao wanatoka kwenda kukomesha mchezo wa watu wa kuchokoza dubu kwa mbwa, na njia nzima wanabishana juu ya vifungu vya dini. Msomaji anacheka, na akishacheka anajiuliza: kumbe watu wa namna hii ndio waliojiona wanafaa kumhukumu mfalme? Kisu kimeingia bila kutaja shingo ya mtu. Charles wa Pili alikipenda sana kitabu hicho, ingawa Butler mwenyewe alikufa maskini mwaka 1680. (Wafalme na washairi ni hadithi nyingine, tutaiandika mwakani Mungu akipenda.)

Lakini upande huo huo wa mfalme ulifanya na jambo la ovyo. Mwaka 1661 waliifukua maiti ya Oliver Cromwell, kiongozi wa wale waliomwua Charles, wakaitundika kwenye mti wa kunyongea, kisha kichwa chake wakakichomeka juu ya mti mrefu. Kumnyonga aliyekwisha kufa! Hapo hakuna tena kejeli, pana hasira tu iliyokosa mtu wa kumshika. Kwa maoni yangu Butler aliwashinda wote hao kwa wino wa senti chache.

Turudi kwetu. Mombasa tunaye bingwa wa mambo haya, Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840. Muyaka alikuwa upande wa Wamazrui, watawala wa Mombasa, na aliwarushia maneno Lamu na pia Seyyid Said wa Maskati. Huo ulikuwa wakati wa msukosuko. Mwaka 1824 Wamazrui walimwomba hata Mwingereza awape bendera, naye Kapteni Owen akamwacha hapa Luteni Reitz, ambaye alikufa mwaka huo huo. Ndugu zangu wa Changamwe mnaopita Port Reitz kila asubuhi, jina hilo ndilo lake. Hatimaye mwaka 1837 Seyyid Said akaingia mjini. Liwali Rashid bin Salim na jamaa zake wakakamatwa wakasafirishwa hadi Bandar Abbas, na huko wengi wao wakafia kifungoni. Liwali si mfalme, najua, lakini kwa watu waliompenda kilio ni kile kile.

Muyaka alikuwa na silaha ambayo Butler hakuwa nayo kwa kiasi hicho: fumbo. Alizungumza juu ya vyombo vya baharini, mnyama, mwanamke, chakula, na aliyekuwa mjini siku hiyo alijua nani amepigwa. Aliyekuwa mgeni alisikia shairi la chombo tu. Ndiyo maana leo baadhi ya beti zake zatuumiza vichwa. Na tumezipata kwa bahati: Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya kutoka vinywani mwa watu, Mwingereza W. E. Taylor akazipokea kwake, William Hichens akazichapisha mwaka 1940, na mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akatupa kitabu chenye maelezo. Kiko maktabani kwetu, nakala moja, na aliyekiazima tangu Februari tafadhali akirudishe.

Kwa kisa cha Hasan waliokuwa na kalamu ni Wareno. Na hapa ndipo penye utamu wa somo letu, kwa sababu mara nyingine adui mwenyewe hukuandikia kejeli yake bila kujua.

Hasan aliacha mtoto mdogo, Yusuf. Alichukuliwa akapelekwa Goa, pale pale kilikopelekwa kichwa cha babake. Akalelewa na mapadri wa Shirika la Agostino, akabatizwa akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, na baadaye akarudishwa Mombasa awe mfalme chini ya Mreno. Inasimuliwa kwamba alionekana usiku akisali kwenye kaburi la babake kwa dua za Kiislamu, na habari zikafika kwa kapteni. Kapteni wakati huo alikuwa Pedro Leitão de Gamboa. Kabla hajamkamata Yusuf, Yusuf akamtangulia: tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua. Mwaka uliofuata manowari kutoka Goa zilimzingira zikashindwa, lakini baadaye yeye mwenyewe akaihama Mombasa kwa jahazi, akawa mtu wa baharini mpaka kufa kwake huko Jeddah. Wareno wakarudi.

Sasa nenda ukasimame mbele ya lango la Fort Jesus utazame juu. Pana jiwe lenye maandishi ya Kireno, aliloliweka Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira. Siku ya safari yetu tulilipita mbio, na mimi nikarudi peke yangu baadaye nimsikilize mtembeza wageni akilitafsiri. Nakueleza kwa maneno yangu yaliyomo. Kapteni anasema alipewa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Anasema ameijenga upya. Anasema pwani ya Malindi aliikuta imeasi kwa ajili ya mfalme dhalimu, naye akaitiisha. Wafalme kadha wa kadha amewatoza kodi. Pate na Siyu amezitia adabu mpaka kuta zao zikawa sawa na ardhi. Musungulo amewaadhibu. Pemba ameua wakubwa walioasi, kwa amri yake mwenyewe. Na kwa hayo yote, anasema, ametunukiwa: cheo cha uungwana katika nyumba ya mfalme wake, fedha za kila mwaka, na kazi nyingine nono huko mbele.

Soma tena taratibu kama asomavyo mtoto. "Mfalme dhalimu" ni nani? Ni Yusuf. Dhalimu kwa kosa gani? Jiwe halisemi. Kichwa cha babake hakimo. Kaburi halimo. Na hao Musungulo walioadhibiwa, si ndio wale wale ambao kapteni wa 1614 aliwatolea malipo? Walipofanya kazi walilipwa, ilipokwisha haja wakapigwa. Halafu orodha ya mauaji inashuka, inashuka, mara inafika kwenye mshahara! Hakuna mshairi wa Mvita, hata Muyaka, aliyepata kumchora kapteni vile kapteni alivyojichora. Na amejichora juu ya mlango, apate kusomwa na kila aingiaye.

Hii ndiyo mbinu tuiitayo kinaya. Humtukani mtu. Unachukua sifa anazojipa, unamrudishia kwa adabu, tena kwa sauti ya kumpongeza, mpaka yeye mwenyewe aone haya. Nilimweleza Mwalimu, naye akasema, "Basi rudini darasani mtunge upya." Nilimfuata yule kijana wa Rabai bwenini nikamwambia, ndugu yangu, njoo, safari hii tunamtafuta mwenye mkoba. Akaja. Ubeti huu tuliutunga wanne, naye akiwamo:

Bwana mkubwa wa boma, twakupa pongezi zako,
Damu haikukwandama, ni safi mikono yako,
Mkobani ulizama, ndiko kwenye shoka lako,
Kichwa ulichokituma, kina mwana, ngoja zako.

Mshororo wa tatu ni wa yule kijana. Angalia alivyokaa na jambo: shoka haliko mkononi mwa mtu wa Rabai, liko ndani ya mkoba wa mwenye fedha. Waliopokea malipo hawakusafishwa, na hakuna kabila lililotajwa. Na "ngoja zako" imeachwa makusudi bila kusema zako nini. Siku? Habari? Kila msomaji ajaze mwenyewe.

Nilidhani tumemaliza. Wapi! Dada mmoja wa kidato cha nne, ambaye hupinga kila kitu na mara nyingi huwa na haki, akatuuliza: aliyetuma kichwa ni Melo Pereira mwaka 1614, aliyeuawa 1631 ni Gamboa. Miaka 17 imepita na mtu ni mwingine. Huyo "zako" mnayemngojea ni nani? Tukajibu kwamba kejeli inapiga kiti, haimpigi mtu. Akasema sawa, lakini katika siku zile za Agosti hawakufa askari tu. Waliokimbilia nyumba ya mapadri waliuawa pia, wanawake na watoto wakiwamo, Wareno na Waafrika Wakristo. "Na hao nao ni kiti?"

Hakuna aliyemjibu vizuri. Mimi nilisema kwamba ubeti wetu unaishia kwenye kitisho, hauishii kwenye kitendo, na ya Yusuf ayajibu Yusuf. Sikuridhika na jibu langu. Tulipiga kura kama mshororo wa nne ubaki au ubadilishwe. Ukabaki kwa kura tisa dhidi ya saba. Kijana wa Rabai alikuwa katika wale saba.

MAZOEZI

Jibu kwenye daftari, kisha tia karatasi yako katika sanduku la chama lililo nje ya maktaba kabla ya Ijumaa.

1. Tunga mshororo wa nne mpya utakaowaridhisha wale saba. Mizani ni nane kwa nane, vina ni -ma na -ko. Usitumie neno "kichwa".

2. Rashid bin Salim alipelekwa Bandar Abbas mwaka 1837. Mwanawe, Mbaruk, wa Gazi huko mbele ya Likoni, alipambana na watawala hata mwaka 1896 alipovuka kwenda upande wa Wajerumani. Alikufa Dar es Salaam mwaka 1910. Jifanye uko sokoni Mombasa mwaka 1838 na askari wa Seyyid Said wanasikiliza. Tunga ubeti mmoja wa fumbo kuhusu Rashid. Usitaje mtu, mji wala ngome.

3. Ukienda Fort Jesus tena, mwombe mtembeza wageni akusomee lile jiwe. Andika ni jambo gani Kapteni Cabreira alilitaja kwanza na lipi la mwisho, na kwa nini mpangilio huo unachekesha.

4. Mwulize babu au bibi yako, awe wa Rabai, Jomvu, Likoni au Kisauni, kama aliwahi kusikia habari za mfalme aliyekimbilia bara. Andika maneno yake kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasema. Usiyanyooshe.